Nikate Bima ya Tetemeko, au Nilitie Lenta Banda la Uani?

SWALI

Mwanangu mwandishi wa safu hii, assalaam aleikum.

Mimi ni mstaafu, ninaishi Mwahako hapa Tanga pamoja na mke wangu na wajukuu wetu wawili. Nyumba yetu ya vyumba vinne niliijenga kidogo kidogo tangu nikiwa kazini, na mwaka 2016 nikaipaua kwa kiinua mgongo changu. Imejengwa kwa matofali ya saruji juu ya msingi wa mawe, ina lenta yenye nondo, na imeezekwa kwa bati. Nyuma yake kuna banda la uani la vyumba vitatu ambalo nililikuta nilipokinunua kiwanja. Kuta zake ni za mawe ya chokaa yaliyoshikwa kwa udongo na kupigwa lipu juu, halina lenta, na ndani yake wanakaa wapangaji. Jiko la nje limeezekwa kwa makuti.

Mwezi uliopita alipita mtaani kwetu wakala wa bima. Nilimwambia kwamba kwa hesabu ya risiti zangu nyumba ile imenigharimu shilingi milioni 60, naye akanijibu kwamba kwa kiasi hicho naweza kuikatia bima ya moto kwa ada ya shilingi 90,000 kwa mwaka, na nikiongeza shilingi 30,000 nitawekewa na kifungu cha tetemeko la ardhi. Nilikuwa tayari kulipa, ila nyumbani pamezuka mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo.

Mke wangu anasema Tanga hakuna matetemeko, na kwamba ni afadhali fedha hizo tununulie saruji na nondo tulitie lenta banda la uani. Mimi namkumbusha usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tulipotikiswa sote mpaka vyombo vikagongana kabatini. Tangu mwaka ule ukuta wa chumba cha nyuma una ufa unaopanda kutoka pembe ya dirisha, na kila masika yakiisha naona umeongezeka. Isitoshe, mdogo wangu wa kike ameolewa Bukoba, na tetemeko la mwaka 2016 liliibomoa nyumba yao, wakakaa chini ya turubai kwa muda mrefu. Sitaki yanikute yaliyomkuta.

Wakati huo huo mpwa wangu anayeishi California amenieleza kwa simu kwamba huko, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara, watu wengi hawana bima hiyo. Basi mimi wa Tanga naitakia nini? Naye jirani yangu ninayeswali naye ameniambia mambo mawili: kwamba tetemeko ni kudra ya Mwenyezi Mungu na kampuni za bima hazilipi kudra, na kwamba bima yenyewe ina utata katika dini.

Pensheni yangu ni ndogo na sina akiba ya kujenga nyumba nyingine. Naomba uniambie waziwazi, ninunue au nisinunue? Na ule ufa, nikishakata bima, nitalipwa?

Mzee wa Mwahako, Tanga


JIBU

Shikamoo, mzee wangu.

Umeomba jibu la waziwazi, nami nitalitanguliza kabla ya maelezo. Bima ya moto ningekushauri uikate kwa hali yoyote ile. Kifungu cha tetemeko kiongeze, kwa kuwa nyongeza uliyotajiwa ni ndogo na nyumba hiyo ndiyo mali yako karibu yote, lakini usikinunue kwa kiasi cha shilingi milioni 60, wala usikinunue kabla hujajua ni sehemu gani ya hasara utakayoachiwa uibebe mwenyewe. Ama mama, kuhusu banda la uani ana haki kabisa, ingawa sababu aliyoitoa siyo iliyo nzito kuliko zote.

Kwamba Tanga hakuna matetemeko ni kauli inayokaribia ukweli bila kuufikia. Afrika ya Mashariki inapasuliwa na Bonde la Ufa, ambapo bamba la Somalia, yaani pande kubwa la ganda la dunia lililoubeba mwambao wetu, linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, na mivunjiko mikubwa ya ardhi imelifuata bonde hilo. Ndiyo maana tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika eneo letu kwenye karne ya 20, lile la Desemba 1910 lenye ukubwa wa takriban 7.4, lilitokea upande wa Rukwa, na lile la Desemba 2005 lenye ukubwa wa 6.8 likatokea Ziwa Tanganyika. Sisi wa Tanga tuko mbali na huko. Hata hivyo mivunjiko haikukoma bara. Mingine imo chini ya bahari yetu, na tetemeko la Agosti 2020 unalolikumbuka, lenye ukubwa wa karibu 6, lilianzia baharini upande wa kusini mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Zanzibar, Tanga, Mombasa na hata Nairobi. Halikubomoa miji yetu kwa sababu lilikuwa mbali na makazi. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, yaani halikulizidi hili la baharini, na bado liliua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba nyingi mno, kwa kuwa lilitokea karibu na watu walioishi katika nyumba za matofali ya udongo na mawe yasiyofungwa kwa nondo.

Kwa hiyo uwezekano wa nyumba yako kuangushwa na tetemeko ni mdogo, tena mdogo sana ukilinganishwa na wa moto wa jikoni au wa hitilafu ya umeme. Lakini udogo wa uwezekano peke yake hautoshi kukupa uamuzi. Jambo la kujiuliza ni kama, hasara ikitokea, utaweza kujenga tena kwa fedha zako. Mfanyabiashara mwenye nyumba tano zilizotawanyika Tanga, Arusha na Dar es Salaam anaweza kukiacha kifungu hiki na asilaumiwe, kwa sababu hazitaanguka zote siku moja. Wewe una nyumba moja na pensheni. Yaliyomkuta dada yetu wa Bukoba yanatosha kuonyesha kwamba kuingoja serikali si mpango wa kutegemea: misaada ya mwaka ule kwa sehemu kubwa ilielekezwa kwenye shule, vituo vya afya na miundombinu ya umma, na wenye nyumba wengi walijijengea wenyewe kwa kadiri walivyojaliwa.

Sasa nije kwenye zile milioni 60, maana hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapoumia bila kujua. Wewe umejumlisha risiti, nazo zinaonyesha bei ya saruji, nondo na bati ya miaka uliyokuwa ukijenga. Kampuni ya bima itakayokulipa itauliza kujenga nyumba ile ile leo kunagharimu kiasi gani. Tuseme, kwa mfano tu, mthamini atakuambia ni shilingi milioni 100, bila kuhesabu kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiungui wala hakianguki na hakitakiwi kukatiwa bima. Ukiwa umekata bima ya milioni 60, umekinga sehemu sita tu kati ya kumi za nyumba yako, na mikataba mingi ya bima ya majengo ina kanuni ya kukupunguzia fidia kwa uwiano huo huo, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Tetemeko likiangusha kuta mbili na sehemu ya paa, na hasara ikafika milioni 30, utadhani kwamba milioni 30 zimo ndani ya milioni 60 na kwa hiyo utalipwa zote. Hutalipwa zote; hesabu itaanzia kwenye milioni 18.

Na hizo milioni 18 nazo hazitakufikia zikiwa nzima. Katika kifungu cha tetemeko ni kawaida kampuni kuweka sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye nyumba anaibeba mwenyewe, na mara nyingi sehemu hiyo huandikwa kwa asilimia. Hapo soma polepole, au umpe mtu akusomee: ni asilimia ya hasara, au ni asilimia ya kiasi chote cha bima? Asilimia 5 ya hasara ya milioni 30 ni milioni moja na nusu. Asilimia 5 ya bima ya milioni 60 ni milioni 3, nayo itakatwa hata hasara yenyewe ikiwa milioni 4 tu. Kwa mfano wetu, ikiwa ni asilimia ya kiasi cha bima, ungeondoka na milioni 15, nusu ya hasara yako, na ungeamini kwamba umedhulumiwa, ilhali yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi uliyotia saini. Kama ungekata bima ya milioni 100 kwa masharti hayo hayo, ungekatwa milioni 5 na kulipwa 25. Kwa viwango alivyokutajia wakala, ada ya milioni 100 ingekuwa shilingi 150,000 kwa moto na 50,000 kwa tetemeko, yaani nyongeza ya 80,000 juu ya zile 120,000 ulizokuwa tayari kulipa. Muulize pia kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya ada aliyokutajia, maana mawakala wengine huitaja mwishoni, mteja akiwa ameshafungua pochi.

Habari ya mpwa wako wa California ni ya kweli, ila haina nguvu anayoipa. Tetemeko la Northridge, karibu na Los Angeles, lilipotokea tarehe 17 Januari 1994, kampuni za bima zililipa mabilioni ya dola kiasi cha kuogopa kuendelea kuuza bima za nyumba katika jimbo hilo, na mwaka 1996 ikaundwa taasisi maalumu, California Earthquake Authority, kuubeba mzigo huo. Huko bima ya kawaida ya nyumba haigusi tetemeko. Ni lazima kampuni imwulize mteja kama anaitaka kwa nyongeza, na wengi hukataa kwa sababu ada ni kubwa na sehemu anayoibeba mwenye nyumba huanzia asilimia 5 na hufika hata 25 ya kiasi cha bima. Ada ni kubwa kwa kuwa hatari ni kubwa na iko karibu. Kwako hatari ni ndogo, na ndiyo maana nyongeza uliyotajiwa ni ndogo pia. Mtu anayeikataa bima ghali huko hawezi kuwa hoja ya kukukataza wewe bima nafuu hapa, ingawa anakufundisha kuuliza habari za zile asilimia kabla ya kulipa.

Kuhusu ufa, mzee wangu, nitakujibu bila kukuficha: hutalipwa, na ukijaribu kuudai baada ya kukata bima unaweza kuharibu hata madai ambayo yangekuwa halali. Bima hulipa hasara inayotokea ghafla ndani ya muda wa mkataba, na hailipi ubovu uliokuwapo kabla, wala kutitia kwa ardhi kidogo kidogo, wala kazi mbaya ya fundi. Nami nina shaka kama ufa wako ulitokana na tetemeko. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha na kuongezeka kila baada ya masika kwa kawaida hutokana na udongo ulio chini ya msingi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, au maji ya paa yanayomwagika ubavuni mwa ukuta kwa kukosa gata. Tetemeko lingeupasua ukuta usiku ule na kuuacha ulivyo. Paka utepe mwembamba wa jasi kuvuka ufa sehemu mbili au tatu, uandike tarehe juu yake, kisha utazame baada ya miezi michache. Jasi ikipasuka, jua kwamba ukuta bado unatembea, na hapo mwite mhandisi au fundi mzoefu auangalie msingi kabla hujaziba chochote. Kabla ya kutia saini mkataba wa bima, mwambie wakala kwa maandishi kwamba ufa upo, na upige picha za nyumba nzima, ndani na nje, uzihifadhi kwa mwanao au mtu mwingine nje ya nyumba hiyo. Picha hizo ndizo zitakazotenganisha uharibifu wa zamani na mpya siku mkadiria hasara atakapofika.

Nije kwa mama. Akisema tuimarishe banda, sikiliza, kwa sababu nyumba yako kubwa yenye lenta na nondo ina nafasi nzuri ya kusimama, na ukuta wa mawe yaliyoshikwa kwa udongo bila lenta ndio unaoangukia watu waliolala. Hilo si la tetemeko tu. Mvua kubwa ikilowesha udongo ule kwa siku kadhaa mfululizo, ukuta waweza kuanguka bila ardhi kutikisika hata kidogo. Bima itakulipa tofali, haitamtoa mpangaji chini ya kifusi. Ila hapo hapo nimrekebishe mama kidogo: shilingi 30,000 au 50,000 za kifungu cha tetemeko hazijengi lenta ya vyumba vitatu, kwa hiyo mambo haya mawili hayagombei fedha moja kama mnavyodhani. Lenta itokane na kodi ya wapangaji, mkiitenga miezi kadhaa, na muulize fundi mapema kama kuta zile zinastahili kubebeshwa zege, au ni afadhali kuzishusha na kuanza upya chumba kimoja kimoja.

Katika bima yenyewe, banda ulitaje. Ukiandika kwamba ni nyumba ya kuishi familia na kunyamaza kuhusu wapangaji na kuta za udongo, utawapa sababu ya kukukatalia. Inawezekana kampuni ikakataa kulikinga banda, nayo haitakuwa hasara kubwa ilimradi uwe umelijua hilo mwanzo. Vivyo hivyo lile jiko la makuti: paa la makuti lililo karibu na nyumba hupandisha ada ya moto, na lisipotajwa huleta ugomvi. Kwa maoni yangu jiko hilo ndilo hatari ya kwanza katika kiwanja chako, kabla ya tetemeko lolote, na kulihamisha mbali na ukuta wa nyumba au kuliezeka kwa bati ni kazi ya siku chache.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Kwamba kampuni hazilipi kudra si kweli kwa bima ya majengo: zinalipa janga lililotajwa kwenye mkataba, liwe radi, dhoruba au tetemeko, na haziulizi limetoka kwa nani. Kisichotajwa ndicho kisicholipwa, kwa hiyo neno "tetemeko la ardhi" ulione kwa macho yako kwenye mkataba. Usiridhike na ahadi ya mdomo kwamba "majanga yote yamo". Hakikisha pia kwamba dhoruba na mafuriko yametajwa, kwa kuwa sisi watu wa pwani tumeshaona jinsi masika yanavyoweza kuingia ndani ya nyumba. Kuhusu dini, mimi si shehe na sitakutolea hukumu. Ninachoweza kukueleza ni kwamba siku hizi takaful, yaani mfuko wa washiriki kuchangiana na kufidiana, inatolewa nchini chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mwulize shehe unayemwamini, na ukiamua kufuata njia hiyo, maswali ya thamani ya nyumba, asilimia na ufa ni yale yale.

Mwisho ni wakala mwenyewe. Usimpe fedha taslimu mkononi. Hakikisha kwamba yeye na kampuni yake wana leseni ya TIRA, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na baada ya kulipa thibitisha kwamba bima yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima. Siku ukikosana na kampuni juu ya madai, peleka malalamiko kwake kwanza, na usiporidhika iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kabla ya hayo yote, mwandikie wakala maswali mawili na udai ajibu kwa maandishi: sehemu ya hasara nitakayoibeba kwenye tetemeko ni asilimia ngapi, na ya nini, na je, mtakubali kiasi cha bima kitakachotajwa na mthamini? Akikujibu kwamba ni asilimia 5 au chini yake, na thamani ya mthamini imekubaliwa, lipa. Akikujibu asilimia 10 ya kiasi chote cha bima, maana yake ni kwamba milioni 10 za kwanza ni zako, na uharibifu ambao Tanga ingeupata kwa tetemeko la mbali, yaani nyufa, lipu kubanduka na vigae kuvunjika, hautafikia hapo. Kwa bei hiyo hiyo ya 50,000 mimi ningekiacha kifungu cha tetemeko, nikabaki na bima ya moto, dhoruba na mafuriko kwa thamani kamili ya nyumba, na zile 50,000 ningempa mama aanzie mfuko wa lenta.